Mita inasema volti 6 kwa waya za spika, fundi anasema redio imekufa. Nani muongo?

#1 Kijana_Shabaab
Wadau habari. Niko Nakuru, gari ni Toyota Fielder ya 2008, kazi yake ni kubeba watu Nakuru–Njoro toka asubuhi hadi usiku. Spika ya mlango wa abiria wa mbele ilianza kukatakata mwezi uliopita, saa zingine inalia saa zingine kimya, na wiki hii imenyamaza kabisa. Zile zingine tatu ziko poa. Nikapeleka kwa fundi mmoja wa redio, hakufungua hata skrubu moja, aliinamisha tu kichwa akaskiza akasema redio imekufa upande huo, nilete elfu nane aniwekee ingine. Nikaona wacha nijaribu mwenyewe kwanza. Nimenunua mita, ile ya manjano ya mia saba, nikavuta redio nje kidogo plagi zikiwa bado zimeshika, nikaweka DC 20, ncha nyeusi kwa chuma ya bodi, ncha nyekundu kwa waya ya spika. Ya pinki volti 6.1. Ya zambarau volti 6.1. Nikasema sawa, shida nimepata. Kupima za mlango wangu wa dereva, ambazo zinalia vizuri, hizo pia 6.1! Sasa stima inatafuta nini kwa waya za spika, tena nusu ya betri? Nimezima kila kitu nikaenda kulala.

#2 Mzee_wa_Lanet
Hiyo ni shoti kijana. Waya ya spika haifai kuwa na stima kama hakuna wimbo. Toa kichwa cha betri leo leo kabla gari ishike moto huko njia ya Egerton na watu ndani.

#3 Kondele_Waya
Mzee heshima zako lakini hapo hapana. Hiyo 6.1 ndio inafaa kuwa hapo. Redio za siku hizi kila spika iko na amplifaya mbili ndani, moja inashika waya ya chanya ingine inashika ya hasi, zinasukumana kama watu wawili kwa msumeno mmoja. Wimbo ukiwa haujaanza zote mbili zimekaa katikati, nusu ya betri. Betri yako ilikuwa 12.2 ama hapo karibu, si ndio? Sasa wacha bodi, weka ncha moja kwa pinki na ingine kwa zambarau, sauti chini kabisa. Ukipata karibu sufuri, huo upande wa redio bado kuna uhai. Ukipata volti moja, mbili, tatu, hapo redio imeoza na ungeunganisha spika nzima ingepikwa koili.

#4 Mzee_wa_Lanet
Mimi niliendesha Peugeot 504 hii barabara ya Nakuru Kisumu nyinyi mkiwa bado hamjazaliwa. Redio ilikuwa na waya moja ya spika, ile ingine unafunga kwa bodi. Hakukuwa na volti 6 za nani.

#5 Kondele_Waya
@Mzee_wa_Lanet sasa umesema ukweli, na hiyo ndio inaua redio za watu hadi leo. Za zamani spika ilirudi kwa bodi, sawa kabisa. Za siku hizi ukifunga hasi kwa bodi umechukua hiyo volti 6 umeimwaga kwa athi, yaani chuma ya gari inayorudi kwa hasi ya betri. Nililetewa Toyota Wish hapa Kondele, mtu alikuwa amekusanya hasi zote nne akasokota pamoja na athi "ili kupunguza waya". Redio ilikuwa inawaka sekunde tano inajizima, na mgongo wake huwezi weka mkono.

#6 Kijana_Shabaab
Asante Kondele. Nimepima kati ya pinki na zambarau, 0.02. Kwa hivyo fundi alitaka kula elfu nane yangu?

#7 Kondele_Waya
Sijasema hivyo. Nimesema amplifaya haijaoza kwa njia hiyo. Kuna njia zingine za kufa. Mtu ashawahi kufa akiwa amekaa vizuri tu kwa kiti.

#8 Nyar_Kibuye
😂😂 Kondele wewe.
@Kijana_Shabaab wacha volti sasa, ingia kwa omu, yaani upime waya inazuia stima kiasi gani. Lakini kabla uguse hiyo namba, chomoa plagi kubwa ya nyuma ya redio kabisa, usipime omu kama kuna stima, mita itakudanganya ama itakufa. Weka 200 ya omu. Gusanisha ncha zenyewe kwa zenyewe uone inasema ngapi, mita za bei yetu husema 0.3 ama 0.5, hiyo ni waya za mita, utatoa kwa kila kitu utapima. Halafu pima pinki na zambarau hapo kwa plagi. Spika imeandikwa omu 4 kwa mgongo lakini mita itakupa kitu kama 3.3 hadi 3.7, usishtuke, ile 4 ni ya wakati inacheza. Halafu fungua kadi ya mlango, ule ubao wa ndani, upime kwa spika yenyewe ikiwa imechomolewa. Linganisha.

#9 Mumias_Bado
Mulembe wadau. Mtu akipima aangalie pia ile waya nyekundu ya mita iko kwa tundu gani. Mimi nilikuwa nimepima mkondo jana yake nikaiacha kwa tundu la 10A, asubuhi nikapima betri ya Probox "volti tu". Cheche iliyotoka hapo kuku walitoka kwa boma. Ncha moja iliyeyuka ikawa kama msumari wa kuchomwa. Tundu la 10A kwa hizo mita za manjano halina fyuzi, limeandikwa hapo hapo, sema sikusoma.

#10 Kijana_Shabaab
Majibu haya hapa. Ncha kwa ncha 0.4. Spika yenyewe kwa mlango 3.9, kwa hivyo 3.5. Mlango wa dereva nikipimia kwa dashibodi 4.2, kwa hivyo 3.8. Mlango mbovu nikipimia kwa dashibodi mita inasema 1. Yaani omu 1. Si hiyo sasa ndio shoti? Mzee wa Lanet alikuwa sawa?

#11 Mzee_wa_Lanet
Asante.

#12 Nyar_Kibuye
Ngoja ngoja ngoja. Hiyo 1 iko upande gani wa kioo cha mita? Kama iko peke yake kushoto kabisa na haina nukta, hiyo si omu moja. Hiyo mita inasema "nimeshindwa, ni nyingi kuliko 200". Omu moja ya ukweli ingeandikwa 01.0. Acha ncha hewani bila kugusa kitu uone.

#13 Kijana_Shabaab
😭 Hewani pia inasema 1.

#14 Kaptembwo_Boi
Mzee rudisha hiyo asante.

#15 Mzee_wa_Lanet
Sirudishi.

#16 Kondele_Waya
Basi si shoti, ni waya imekatika. Spika nzima, redio nzima vile tunajua, katikati hakuna njia. Sasa hiyo gari umesema inabeba abiria Njoro. Mlango wa mbele kushoto unafunguliwa mara ngapi kwa siku? Hamsini? Mia? Kati ya mlango na bodi kuna ule mpira mweusi wenye mikunjo kama bomba la accordion, waya zinapita ndani yake, kila mlango ukifunguka zinakunjwa, ukifungwa zinakunjwa upande ule mwingine. Toka 2008. Chukua waya ya chuma yoyote ukunje kunje hivyo uone. Fanya hivi, unganisha spika, weka mita kwa plagi ya dashibodi, mtu afungue na kufunga mlango polepole wewe ukiangalia namba.

#17 Rift_Wiring
Napinga kidogo. Ukisema mpira watu wanakimbilia mpira, na mimi kati ya gari kumi hapa Free Area naona ile plagi ya mlango wenyewe, pale kwa spika, pini imelegea ama imeshika kutu ya kijani. Fundi wa kwanza akifungua mlango hutoa ile nailoni iliyobandikwa ndani ya kadi, anaona ni takataka anatupa. Hiyo nailoni ndio inazuia maji. Mvua ikipita kwa kioo inashuka ndani ya mlango, hiyo ni kawaida, kuna mashimo chini ya kutokea, lakini bila nailoni maji yanarukia spika na plagi. @Kijana_Shabaab nailoni yako iko?

#18 Kijana_Shabaab
Iko nusu.

#19 Njoro_Shamba
Kama gari inalala Njoro karibu na stoo ya mahindi mimi nasema panya. Yangu walikula waya chini ya kapeti, walichagua ya spika wakaacha ya breki, Mungu ni mwema.

#20 Kaptembwo_Boi
Panya wa Njoro wanajua haki za abiria.

#21 Mumias_Bado
Mimi niko na swali kwa hao wa omu. Kwa Probox yangu niliongeza twita mbili, zile spika ndogo za sauti nyembamba, juu ya dashibodi, nikizipima mita inasema 1, ile 1 ya kushoto, lakini zinalia vizuri sana hadi zinaumiza meno. Kwa hivyo hii kitu ya kusema 1 ni waya imekatika si kweli kila saa.

#22 Nyar_Kibuye
Swali zuri, na hiyo hudanganya watu wengi, kuna mtu Kibuye alitupa twita nzima. Angalia waya ya twita utaona kitu kidogo kama pipa kimeshonwa hapo, hiyo ni kapasita. Inazuia besi isifike kwa twita isije ikaiunguza. Mita inapima kwa DC, na kapasita haipitishi DC, kwa hivyo mita inaona ukuta. Pima baada ya kapasita, kwa miguu ya twita yenyewe, utapata omu zako.

#23 Mumias_Bado
Kweli kuna kapipa. Nimekaa nalo miaka miwili nikifikiri ni ya urembo.

#24 Dereva_Molo
Sisi wengine tunataka kujua kama abiria wa mbele wa Kijana analipa nauli nusu, maana anaskiza nusu.

#25 Kijana_Shabaab
Wa mbele ndio wanalalamika sana, ati niongeze sauti, nikiongeza wa nyuma wanapiga kelele.
@Kondele_Waya nimefanya ile ya mlango na kijana wa stegi. Mlango ukifungwa kabisa mita inasema 4.6. Ukifunguka nusu inaruka, 9, 31, 1, 5, 1. Ukifunguka wote, 1 imekaa hapo.

#26 Kondele_Waya
Nimemaliza maneno. Mpira.

#27 Rift_Wiring
Hujamaliza. Mlango ukifungwa si unatikisika? Plagi iliyolegea pia inaruka ukitikisa. Afungue mlango wote, auache umetulia, halafu atikise plagi ya spika kwa mkono peke yake. Namba ikiruka ni plagi. Na bado hujaeleza kwa nini mlango ukiwa umefungwa anapata 4.6, ukitoa 0.4 ni 4.2, na spika ni 3.5. Hiyo 0.7 imetoka wapi? Waya ya nusu milimita mraba ya shaba ni kama omu 0.034 kwa mita. Toka dashibodi hadi mlango na kurudi ni mita nne, tano hivi, haifiki hata 0.2. Mlango wa dereva ameonyesha tofauti ya 0.3 na hapo kuna plagi ndani. Kwa hivyo kuna mahali pameshika kutu, hata kama waya haijakatika.

#28 Nyar_Kibuye
Na mita ya mia saba kwa omu za chini usiamini nukta ya mwisho. Presha ya kidole tu inabadilisha. Angalia pia betri ya mita, kama kuna alama ya betri imetokea kwa kioo namba zote ni porojo.

#29 Kaptembwo_Boi
Wadau mimi nataka kujua hizi rangi. Kijana ameanza na pinki na zambarau. Redio yangu ya kununua haina pinki.

#30 Kondele_Waya
Hapo ndio watu wamefia. Toyota za Japani kwa kawaida mbele kushoto ni pinki chanya zambarau hasi, mbele kulia kijani kibichi chepesi chanya bluu hasi, nyuma kushoto nyeusi chanya njano hasi, nyuma kulia nyekundu chanya nyeupe hasi. Soma tena. Nyeusi SI athi. Nyekundu SI stima. Athi ni ya kahawia, stima ya ufunguo ni ya kijivu, stima ya betri moja kwa moja ni bluu yenye mstari wa njano. Sasa redio za kununua dukani: nyeupe mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, na kila moja hasi yake ni rangi hiyo hiyo na mstari mweusi. Nyeusi tupu ndio athi, nyekundu ufunguo, njano betri.
Sasa mtu mvivu anafunga kijivu kwa kijivu. Kijivu ya gari ni volti 12, kijivu ya redio ni spika. Moshi. Ndio maana mita kwanza, rangi baadaye, na hata hizo rangi nimesema kuna gari hazifuati.

#31 Kaptembwo_Boi
Wueh. Na nilikuwa nimeshashika koleo.

#32 Maseno_Teacher
Niongeze kwa upande wa chanya na hasi. Vitz ya mke wangu fundi alifunga spika moja kinyume. Zote zinalia, mita inasema omu sawa kila mahali, hakuna mtu aliona shida, lakini besi ilikuwa imepotea, sauti ni kama iko kwa debe. Moja inasukuma hewa mbele wakati ingine inavuta nyuma. Mita ya omu haiwezi kukuonyesha hiyo. Chukua betri ndogo ya rimoti, volti 1.5, gusa waya mbili za spika kwa nukta ya sekunde. Utasikia "tup". Weka kidole polepole kwa karatasi ya spika, ukiweka chanya kwa chanya inaruka nje, kinyume inaingia ndani. Watu wengine hutumia ile ya volti 9, mimi naona ni nguvu nyingi bure kwa spika ndogo.

#33 Mzee_wa_Lanet
Hii ya betri sisi tulifanya na betri ya tochi. Hiyo kweli ni ya zamani.

#34 Dereva_Molo
Swali nje ya mada. Redio ya Japani iliyokuja na gari inashika mwisho 90, stesheni zote nataka ziko juu ya hapo. Ni waya pia?

#35 Nyar_Kibuye
Si waya. Japani FM yao ilikuwa 76 hadi 90, yetu ni hadi 108. Kuna kile kikopo kinafungwa kwa waya ya antena kinashusha masafa. Namba kwa kioo itakuwa ya uongo lakini utapata habari. Fungua uzi wako, huyu ana shida yake.

#36 Kijana_Shabaab
Nimerudi. Jumapili nimepumzisha gari, nimevua ule mpira. Uchafu ndani ni vumbi la Nakuru miaka kumi na kitu, nimepiga chafya hadi jirani akaniombea. Nimevuta waya polepole, pinki nimeikunja na vidole inch kwa inch. Macho yangu hayaoni mahali imekatika. Ganda la juu liko sawa kote, sema kuna sehemu moja ndogo inalegea kuliko zingine, ukiikunja inakunjika kama uzi wa nguo haina ugumu. Sikuikata. Nikatikisa plagi ya spika vile Rift alisema, mlango umetulia, namba ikaruka mara moja, 4.7 ikawa 12 ikarudi, halafu haikuruka tena. Nikapima pia kila waya na bodi plagi zikiwa zimechomolewa, zote ni 1 ya kushoto, kwa hivyo hakuna inayogusa chuma. Nikasugua pini na kisu, nikarudisha kila kitu.
INALIA. Jana yote imelia. Sasa sijui nimetengeneza nini.

#37 Kondele_Waya
Hiyo sehemu inakunjika kama uzi ndio maiti yenyewe. Ganda la nje huwa linabaki zima, nyuzi za shaba ndani ndio zimevunjika zimebaki mbili tatu zinagusana. Kata hapo, weka waya laini ya inch nne, lehemu, vesha mpira wa kusinyaa, usisokote na tepu. Na uweke kiungo nje ya mkunjo, si kwa mkunjo.

#38 Rift_Wiring
Na plagi iliruka mlango ukiwa umetulia. Amesugua pini, imelia. Mimi sisemi zaidi.

#39 Njoro_Shamba
Mlitafuta chini ya kapeti lakini?

#40 Maseno_Teacher
Inaweza kuwa zote mbili. Kutu pale, nyuzi chache hapa. Mita inatuma mkondo mdogo sana, uzi mmoja ukibaki itakuambia njia iko sawa, lakini besi ikigonga ndio unasikia.

#41 Rift_Wiring
Mwalimu, uzi mmoja wa urefu wa inch moja hauongezi omu ya kufanya besi ipotee. Kinachokata ni mguso, si unene.

#42 Mumias_Bado
Na yule fundi wa elfu nane mmemsahau. Labda kweli redio iko na shida yake ndani, mahali imelehemiwa pamepasuka, ikipata joto inashika ikipoa inaachia. Kijana amekuwa akiivuta na kuirudisha kwa dashibodi wiki nzima, si hiyo pia ni kutikisa?

#43 Kondele_Waya
Mumias usimsaidie yule. Redio ilikuwa imechomolewa kabisa wakati namba zilikuwa zinaruka na mlango.

#44 Mumias_Bado
Hiyo ni kweli. Lakini nimesema labda.

#45 Kijana_Shabaab
Wadau leo ni Alhamisi. Mvua imepiga kutoka saa tisa, maji njia yote. Nimefika Njoro imelia, abiria akashuka, akapiga mlango vile wanapigaga, ikanyamaza.

#46 Rift_Wiring
Mvua. Nailoni nusu.

#47 Kondele_Waya
Mlango.

#48 Mzee_wa_Lanet
Kijana chukua mita kabla haijakauka. Na uangalie hiyo 1 iko upande gani.